Kumi kwa Chupa Moja



Wahitimu wetu wa kidato cha nne, nasikia wengi wenu mnalitamani gwanda la jeshi. Nimelivaa miaka mingi nikiwa tabibu, silaha yangu bomba la sindano. Basi niwape hesabu ya kazi yangu.

Chanjo ya homa ya manjano huja ikiwa unga chupani. Ukishautia maji yake, zinapatikana dozi 10, na saa zinaanza kukimbia: zikipita 6, iliyobaki inamwagwa. Kijijini unafungua chupa, wanatokea wanne. Kambini afande anapuliza filimbi, kumi wamekwisha kunja mikono ya shati. (Wenye vifua vipana ndio waliofumba macho, lakini hayo tuyaache.) Dozi ile moja humkinga mtu maisha yake yote. Askari asiyechanjwa akiugua kule Kongo, anataka kitanda, muuguzi, ndege ya kumrudisha, na mwenzake wa kuziba nafasi.

Hata hivyo, hesabu hiyo naiona pungufu, maana inaishia kwa askari. Tarehe 28 Septemba 1918, katika Vita Kuu ya Kwanza, kamanda wa Wajerumani von Lettow-Vorbeck alivuka mto wetu Ruvuma akitokea Msumbiji, akapita Ungoni kwenda Ubena. Safu yake ilikuwa na mafua na homa ya mapafu. Hata jenerali wake, Wahle, aliachwa Ubena, mgonjwa. Huyo ameandikwa vitabuni. Bibi aliyechukuliwa mahindi yake njiani, akaachiwa kikohozi, nani alimwandika? Chanjo ya mafua haikuwepo bado. Ilikuja miaka ya 1940, na jeshi la Marekani liligharimia sehemu kubwa ya utafiti wake.

Na si zamani tu: Oktoba 2010 kipindupindu kiliingia Haiti na walinda amani waliotoka Nepal. Uchafu wa kambi yao ulifika mtoni, na mto ule watu walikuwa wakiunywa. Walikufa karibu 10,000. Pigeni hesabu wenyewe: chanjo ya kipindupindu ya kunywa kwa kila askari kabla ya kupanda ndege, pamoja na choo kilichojengwa vizuri.

Kwa hiyo mkipangwa foleni, kunjeni mikono bila ubishi, na kadi ya njano ya chanjo msiipoteze. Likizo mtashuka hapa Liparamba na vumbi la safari, na wadogo zenu watawarukia shingoni hata begi hamjalitua.