Dawa ya Mseto Humezwa na Chakula Chenye Mafuta
(Maelezo ya mfamasia kwa wakazi wa Kata ya Bugene)



Nimeombwa nizungumzie tiba ya malaria. Nimechagua jambo moja tu, ambalo dirishani pa dawa foleni haituachii nafasi ya kulieleza: mgonjwa ameze vidonge vyake pamoja na nini.

Dawa ya mseto, yaani ALu, sote tunaifahamu. Nchi yetu iliipitisha mwaka 2006 kuwa tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali. Ndani ya kidonge kimoja mna dawa mbili: artemeta miligramu 20, ambayo asili yake ni mmea wa pakanga wa China, na lumefantrini miligramu 120, iliyoundwa maabara. Artemeta huua vimelea kwa kasi, kisha hutoka mwilini baada ya saa chache. Lumefantrini hubaki damuni siku kadhaa ikimaliza vilivyosalia.

Dawa zote mbili haziyeyuki vema katika maji. Na kitu kisichoyeyuka hakipenyi ukuta wa utumbo. Hupita na kutoka na choo. Mafuta yanapofika katika utumbo mdogo, nyongo humwagika na kuyavunja kuwa matone madogo mno, na dawa husafiri ndani ya matone hayo mpaka damuni. Kwa watu wenye afya waliopimwa, lumefantrini iliyomezwa na mlo wenye mafuta mengi iliingia damuni hadi mara 16 zaidi ya ile iliyomezwa tumbo likiwa tupu.

Najua mgonjwa wa homa hataki kuona sahani. Hatumtakii karamu. Kiasi kidogo kama gramu 1.2 za mafuta kimeonekana kutosha kuleta karibu manufaa yote, na nusu glasi ya maziwa ya ng'ombe yasiyochakachuliwa inazo zaidi ya hizo. Mtoto anyonyaye anyonyeshwe. Karanga chache, kipande cha parachichi, uji uliotiwa samli, hata senene wa kukaanga wakati wa msimu, vyote vinafaa. Lakini chai ya rangi haina mafuta. Ndizi za kuchemshwa na maharage yasiyoungwa zinayo machache mno. Mtindi uliokwisha kusukwa na kuondolewa siagi nao umepoteza sehemu kubwa ya kile tunachokitafuta.

Hapa wazee wataniuliza: mbona sisi tulikunywa omubilizi uliochemshwa? Siidharau miti yetu. Kwinini ilitoka katika gome la mti. Lakini sifa ya mmea haitoshi, lazima kilichomo kifike damuni. Mama Tu Youyou wa China, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 2015, alihangaika na pakanga bila matokeo ya kuaminika, mpaka aliposoma katika kitabu cha kale kwamba majani hulowekwa na kukamuliwa. Akatambua kuwa moto ndio ulioiharibu dawa. Mwaka 1971 akaitoa kwa kimiminika aina ya etha, kwa joto dogo, ikafanya kazi. Kwa hiyo chai ya pakanga ina dawa kidogo, tena kiasi chake hubadilika kikombe kwa kikombe, na Shirika la Afya Duniani halikubali itumike kutibu malaria.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu. Utafiti uliofanyika hapa Wilaya ya Karagwe mwaka 2022 ulikuta kwamba zaidi ya mtoto mmoja kati ya kumi waliopewa ALu bado walikuwa na vimelea siku ya tatu, na baadhi ya vimelea vilibeba badiliko la vinasaba linalopunguza kasi ya dawa za jamii ya artemeta. Tiba haijashindwa, kwani watoto karibu wote walipona. Ila artemeta inapochelewa, mzigo unaiangukia lumefantrini, na lumefantrini iliyomezwa na maji matupu huenda isitoshe kuubeba.

Basi dozi ni sita kwa siku tatu: ya kwanza mara moja, ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni. Homa hushuka mapema. Msiache vidonge kwa ajili ya mgonjwa mwingine. Kwa kuwa dozi ya kwanza mara nyingi humezwa hapohapo kituoni, mama aje na chupa ya maziwa. Mtoto akitapika muda mfupi baada ya kumeza, mrudisheni kituoni apewe dozi nyingine.

Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, mwenye degedege au aliyepoteza fahamu, huyo asisubirishwe maziwa wala vidonge. Apelekwe kituoni usiku huohuo. Huko atachomwa sindano ya artesuneti, ambayo haipitii tumboni.