Magurudumu Yakiwa Bado Chini: Makosa ya Marubani Ardhini na Viwanja Vidogo vya Kitui na Makueni

Ndege ndogo ikishatua Makindu, safari huonekana kama imekwisha. Abiria anafungua mkanda, mwingine anawasha simu, na watoto wanakimbilia ukingoni mwa uwanja kutazama. Injini bado inanguruma. Propela inazunguka kwa kasi inayoifanya isionekane, na mabawa yanafagia hewa juu ya nyasi. Cessna Caravan, ndege inayofahamika sana katika viwanja vya mashambani Kenya, ina upana wa karibu mita 16 kutoka ncha ya bawa moja hadi nyingine. Barabara nyingi za vijijini Ukambani hazifikii hata nusu ya upana huo.

Rubani anayeitembeza ndege hiyo hana usukani kama wa gari. Anaielekeza kwa miguu, akisukuma pedali, huku mkono mmoja ukiwa kwenye wenzo wa mafuta. Hapo ndipo makosa madogo yanapozaliwa: kwenda kasi kupita kiasi kisha kukanyaga breki mfululizo mpaka zichemke, kuongeza moto wa injini juu ya kokoto, na kokoto zikaila propela, kuusahau upepo wa ubavuni, nao ukainua bawa moja. La kawaida kuliko yote ni kuinamisha kichwa kusoma karatasi au kubonyeza redio ilhali magurudumu yanabingirika.

Kosa la namna hiyo si la wanagenzi peke yao. Desemba 22, 2013, usiku, Boeing 747 ya British Airways ilikuwa ikielekea kuruka kutoka Johannesburg kwenda London. Marubani waliambiwa wafuate njia ya kiungio, yaani njia ya kutembezea ndege hadi njia ya kurukia, iitwayo B. Njia hiyo ilipokunja kulia, wao walinyoosha mbele wakaingia njia ya M, iliyo nyembamba zaidi, na bawa la kulia likachana jengo la ofisi. Watu 4 waliokuwa ndani ya jengo walijeruhiwa. Marubani walikuwa na mnara, taa, ramani na wenzao wa kuwakumbusha.

Hapa nyumbani, kisa kikubwa ni cha Novemba 20, 1974, katika uwanja wa Embakasi, ambao leo ni Jomo Kenyatta. Boeing 747 ya Lufthansa, safari namba 540, ilikuwa ikitoka Frankfurt kwenda Johannesburg. Flapi, yaani vibawa vinavyoisaidia ndege kuinuka, zilitoka nyuma ya mabawa, lakini za mbele hazikutoka, kwa kuwa hewa ya injini inayozisukuma ilikuwa imefungwa. Orodha ya ukaguzi, ambayo kazi yake ni kunasa jambo kama hilo kabla ndege haijaruka, haikulinasa. Ndege iliinuka kidogo, ikatikisika, ikaanguka ng'ambo ya mwisho wa njia. Kati ya watu 157, walikufa 59. Ndege ilianguka kutoka hewani, lakini kosa lilifanyika ikiwa bado chini.

Sasa turudi kwenye viwanja vya ndege vya Ithookwe, kaunti ya Kitui, na Makindu, kaunti ya Makueni. Katika viwanja vidogo vya aina hii hakuna mwongozaji wa ndege aliyeketi juu ya mnara. Rubani hujitangaza mwenyewe redioni: yuko wapi, anakwenda wapi. Tena hakuna njia za viungio zinazozunguka kando kama Nairobi. Anayetaka kuruka hutembeza ndege juu ya njia ile ile ya kurukia mpaka mwisho, anageuza, kisha anaondoka. Kwa dakika hizo amekaa katikati ya mlango wa wengine. Mwenzake anayekaribia kutua asipomsikia redioni, tegemeo linabaki kuwa macho tu.

Hatari hiyo ina historia chungu. Machi 27, 1977, uwanja mdogo wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife, ulipokea ndege kubwa ghafla baada ya bomu kulipuka katika uwanja wa jirani. Ndege zilizoegeshwa ziliziba njia za viungio, ikabidi nyingine zitembee juu ya njia ya kurukia. Ukungu ukashuka. Ndege ya Pan Am ilipitiliza kiungio ilichoambiwa itokee; ya KLM ikaanza kuruka kabla ya kuruhusiwa. Zikagongana, wakafa watu 583. Uwanja haukujengwa kwa ajili ya siku kama ile.

Kaunti hizi nazo zina siku zao kama hizo. Oktoba 20, 2025, Kitui iliandaa sherehe za kitaifa za Mashujaa, Ithookwe. Na msimu wa siasa ukifika, helikopta hushuka hadi kwenye viwanja vya shule. Hapo rubani ana kazi nyingine kabisa: upepo wa mapanga ya juu unarusha viti na kung'oa mahema, na panga dogo la mkiani, ambalo likizunguka halionekani, liko kimo cha kumfikia mtu anayekuja kwa nyuma kumlaki mheshimiwa. Kosa lake kubwa ni kukubali kuharakishwa. Anaambiwa mkutano wa pili umechelewa, naye anawasha injini umati ukiwa haujarudi nyuma.

Kwa haki, lawama zote zisitupiwe rubani. Uwanja usio na ua, unaokatizwa na bodaboda na mbuzi, humgawanya macho. Hata hivyo, yeye ndiye mwenye breki. Asimame kabisa anapotaka kusoma karatasi. Atembee mwendo wa mtu anayeharakisha hatua, si wa gari. Na asiyeiona ncha ya bawa lake azime injini, ashuke akapime kwa miguu.

Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027. Serikali za kaunti za Kitui na Makueni zinaombwa kukutana na wenye ndege kabla kampeni hazijapamba moto, zikubaliane ni nani atakayesimama uwanjani na kipenga kuzuia watu mpaka propela isimame.