KABARI KWANZA, MTAIMBO BAADAYE
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi, karakana ya reli)



Tumeombwa tuseme jinsi sisi mafundi wa reli tulivyopata kuwa waalimu wa kuokoa watu walionaswa ndani ya magari. Jambo lenyewe lilianza kwa kosa letu, wala hatuoni haya kulisema.

Siku moja lori lilipinduka karibu na njia ya reli, dereva akanaswa mguu. Tulikwenda mbio na mitaimbo, tukavuta mlango. Lori lilikuwa limelala ubavu. Likateleza, likambana zaidi. Alipona, lakini mguu wake haukurudi kama kwanza.

Ndipo tukaenda kufundishwa na watu wa zimamoto. La kwanza walilotuambia ni kutovuta kitu. Zunguka gari, tazama. Tia kabari na magogo lisitikisike, kama tufanyavyo kwa behewa kabla ya kulitia jeki. Ondoa waya wa betri, ule wa hasi kwanza. Usiweke kichwa mbele ya mfuko wa hewa ambao haujafumuka. Katika magari ya siku hizi yaendayo kwa umeme, nyaya nene za rangi ya machungwa hazikatwi. Na kwa mtu aliyebanwa muda mrefu, mganga aitwe kwanza. Maana akifunguliwa ghafula, sumu ya nyama iliyobanwa yaweza kurudi na damu na kuusimamisha moyo.

Kuwa mwalimu ni kazi nyingine. Fundi hodari aweza kuwa mwalimu mbaya, kwa kuwa humnyang'anya mwanafunzi chombo. Sisi twafanya polepole tukieleza. Kisha mwanafunzi aeleza, sisi twafanya. Mwisho afanya mwenyewe. Tena kila mmoja hulazwa ndani ya gari bovu, amefunikwa blanketi, wenzake wakivunja kioo. Akitoka hapo hasahau kusema na majeruhi kwa upole.

Mwaka 2013 gari moshi liligonga basi Nairobi, watu wakafa. Reli hukata barabara mahali pengi, na wa kwanza kufika aweza kuwa mmoja wetu. Basi twaomba chama kidai mambo mawili: saa za mafunzo zihesabiwe kuwa saa za kazi, na kila genge lipewe glavu, miwani na kabari.

Ndugu, mtaimbo twaujua. Sasa tujifunze kungoja.