Taa Ndogo Mbele ya Dereva

Hotuba ya Afisa Uhusiano wa Polisi kwa madereva, mafundi wa magari na wafanyabiashara wa njia za mipakani, Ntinda, Kampala



Nimeombwa niseme juu ya usalama wa safari za usiku. Bila shaka mlitarajia nianze na mwendo wa kasi na ulevi. Hayo mmeyasikia, na kwa kazi niliyo nayo mtayasikia tena kutoka kwangu. Leo naomba ruhusa niseme juu ya kitu kisichozidi ncha ya kidole changu, yaani balbu inayomulika mishale ya dashibodi katika gari la zamani.

Naona mafundi wanatabasamu. Wanajua kwamba ni nadra mteja kuleta gari karakana kwa sababu ya balbu hiyo. Breki zikilia, ataleta. Injini ikitoa moshi, ataleta. Dashibodi ikiingia giza, atasema gari limezeeka, ataongeza kichwa mbele ili aone vizuri, na maisha yataendelea.

Na magari ya umri huo bado ni mengi kwetu. Sheria ya mwaka 2018 ilizuia kuingiza nchini magari yaliyopitisha miaka 15 tangu kutengenezwa, lakini haikuyaondoa barabarani yale yaliyokuwa yamekwisha kusajiliwa. Land Rover za kizazi cha babu zetu zingali zinapanda milima ya Kabale. Pikapu za Peugeot 504 zingali zinabeba ndizi na samaki. Wazee waliopo hapa wanakumbuka jinsi gari hilo lilivyoshinda mashindano ya Safari mwaka 1975, likashinda tena mwaka 1978, na tangu hapo mtu hakuweza kuwaambia kitu kuhusu gari jingine. Siyalaumu magari hayo. Mimi mwenyewe nina 504 niliyoachiwa na marehemu baba yangu, na ndiyo iliyonifundisha haya ninayokuja kuwaeleza.

Nilikuwa natoka Busia usiku, peke yangu. Mwanga wa dashibodi ulikuwa umefifia kwa miezi mingi, nami nilikuwa nimejizoesha. Mwendo niliujua kwa mlio wa injini. Mafuta niliyakadiria kwa kuhesabu kilomita. Taa kubwa za mbele zilikuwa zinawaka vizuri, barabara naiona, sikuwa na wasiwasi. Ndani ya msitu wa Mabira lori moja lilinifuata kwa karibu, likanimulikia taa mara kadhaa, nami nikadhani dereva wake ana haraka. Niliposimama Najjembe, pale panapouzwa kuku wa kuchoma, lori lile nalo likasimama. Utingo wake akaruka chini, akaja hadi dirishani kwangu.

“Afande,” akaniambia, “tulikaribia kukugonga pale kwenye mteremko. Nyuma yako ni giza.”

Nilikuwa nimevaa sare, na watu waliokuwa wakinunua kuku wote walisikia. Nilishuka nikaenda nyuma. Taa mbili za nyuma hazikuwa zimezimika kabisa. Zilikuwa zimebaki kama kaa la moto linalokufa ndani ya majivu, na vumbi la Busia lilikuwa limefunika vioo vyake. Nikamwomba kijana yule asimame nyuma nami nikanyage breki. Zikawaka nyekundu, safi kabisa. Taa za breki zina njia yake ya umeme na swichi yake pale penye pedali, kwa hiyo mtu anayekagua taa za nyuma kwa kukanyaga breki peke yake hujidanganya, kama nilivyokuwa nimejidanganya asubuhi ile.

Siku ya pili nililileta gari hapa Ntinda kwa mzee mmoja fundi wa umeme. Hakwenda nyuma ya gari hata kidogo. Aliuliza swali moja tu: “Dashibodi yako inaonekana usiku?” Nilipomjibu kwamba haionekani, alifungua kifuniko cha usukani akaitoa swichi ya taa. Ndani yake, kile kipande cha shaba kinachopitisha umeme wa taa ndogo kilikuwa kimeungua kikawa cheusi.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo nawasihi mlishike. Katika magari mengi ya zamani, balbu za dashibodi hupata umeme pamoja na taa ndogo za mbele, taa za nyuma na ile inayomulika namba ya gari. Swichi ni moja, na mara nyingi fyuzi ni moja. Dereva aliyeketi kwenye kiti chake hawezi kuona taa zake za nyuma. Katika familia ile yote ya taa, iliyo mbele ya macho yake ni ile ya dashibodi. Ikizimika ghafla, huenda fyuzi imekatika na mgongo wa gari umezimika nayo. Ikififia polepole, huenda umeme unapotea mahali fulani kabla haujafika mbele wala nyuma.

Na umeme ukipungua kidogo, mwanga hupungua sana. Balbu ya uzi ikipungukiwa volti kwa sehemu moja ya kumi, mwanga wake hupungua kwa karibu asilimia 30. Kwa hiyo kutu kidogo tu kwenye swichi au kwenye waya inatosha kumfanya dereva wa lori la nyuma achelewe kukuona, naye ana tani nyingi za mzigo wa kusimamisha.

Sitasema kwamba kila dashibodi yenye giza ina maana hiyo. Pengine ubovu uko kwenye dashibodi yenyewe, na mafundi mlioko hapa mnajua zaidi yangu. Balbu ya zamani huwa nyeusi kwa ndani, kwa sababu uzi wake hugeuka mvuke kidogo kidogo na kuganda kwenye kioo. Badilisheni zote kwa pamoja, maana iliyobaki haina siku nyingi. Soketi huota kutu ya kijani. Msasa laini unatosha. Waya wa hasi, ambao mafundi huuita eathi, hulegea pale unapofungwa kwenye bodi. Kile kitufe cha kuongeza na kupunguza mwanga huwa na waya uliozungushwa ndani yake. Kisipozungushwa kwa miaka mingi hushika uchafu, na wakati mwingine kukizungusha huku na huku mara 20 kunarudisha nusu ya mwanga bila kutoa senti. Rangi nyeupe iliyopakwa ndani ya kasha la mishale hugeuka kuwa ya manjano, ipakeni upya. Kabla ya kugusa chochote, ondoeni waya wa betri.

Jambo moja nalikataza kwa nguvu zote: fyuzi ikikatika, msiweke kubwa kuliko ile iliyoandikwa na watengenezaji, wala karatasi ya sigara, wala kipande cha waya. Waya za gari lenye miaka 40 zimevaa plastiki iliyokauka. Moto ukianzia chini ya dashibodi, dereva huwa na muda mfupi mno wa kutoka.

Nakuja sasa kwenye balbu za LED, kwa sababu vijana wanazipenda na zinauzwa kila kona. Mimi pia nilizinunua. Zina mwanga mwingi na hazili umeme. Nilifurahi, nikabadilisha kila balbu niliyoiona nyuma ya dashibodi, pamoja na ile ndogo nyekundu ya betri. Siku chache baadaye betri ilikufa. Nikanunua nyingine, nayo ikafa. Yule mzee wa Ntinda alicheka hadi akakaa chini. Katika magari mengi ya zamani balbu ile nyekundu ina kazi mbili: inamwonya dereva, na umeme unaopita ndani yake ndio unaoiamsha alteneta ianze kuchaji. LED hupitisha umeme mdogo mno, alteneta haiamki, na dereva anaendelea kusafiri kwa akiba ya betri hadi taa zote zinazimika. Mtu wa namna hiyo akisimama usiku katikati ya barabara ya Tororo, ni sisi tunaoitwa. Basi taa ya betri iacheni na balbu yake ya asili. Na kwa zile za kumulika mishale, fahamuni kwamba LED ina upande wa chanya na hasi; isipowaka, igeuzeni kabla ya kumlaumu aliyewauzia.

Wala usifanye dashibodi ing’ae kama duka la simu. Jicho huhitaji karibu nusu saa kulizoea giza kikamilifu, na mwanga mkali wa buluu au mweupe chini ya macho hulirudisha nyuma mara moja. Sisi tunaoishi karibu na ikweta (wa Mutukula huivuka pale Kayabwe) tunajua jinsi jua linavyozama upesi. Saa moja kasorobo mnaona, saa moja na robo ni giza tupu. Saa hiyo kando ya barabara wapo wanafunzi, wapo wenye baiskeli zisizo na taa, wapo ng’ombe wanaorudishwa zizini. Mwanga wa dashibodi unatosha pale unaposoma mshale kwa kutupa jicho mara moja, basi. Mzee atahitaji mwanga zaidi ya kijana, kwa sababu mboni ya jicho la mzee haipanuki kama zamani. Kwa hiyo baba na mwana wanaoendesha gari moja wasigombane juu ya kitufe kile. Kila mmoja akiweke apendavyo zamu yake.

Ipo taa nyingine ndogo, ya buluu, inayoonyesha kwamba taa kubwa zimeinuliwa. Hii nayo ikifa, dereva hujisahau na kuwapofusha wanaokuja mbele yake kilomita baada ya kilomita. Kwa ninyi wa Mpondwe na Bunagana, Katuna na Elegu, jambo hili lina uzito wa ziada. Mkivuka huko mnahama kutoka kushoto kwenda kulia, nazo taa za magari yetu zimeelekezwa kwa ajili ya kuendesha kushoto. Hata mkizishusha, bado zinamchoma machoni jirani yetu anayekuja. Zikibaki juu, hana pa kujificha.

Kwa askari wenzangu nina neno moja pia. Tunapomsimamisha dereva usiku kwa sababu ya taa za nyuma, mara nyingi ni kweli kwamba hakujua. Mwambieni ashuke, aende nyuma aone kwa macho yake, kisha mmuulize juu ya dashibodi yake. Hatua ya kisheria ichukuliwe inapostahili, lakini dereva aondoke akijua ubovu uko wapi.

Nimemaliza ya kusema. Mwenyekiti amekubali tukae hadi jua lizame, na mwenye karakana hii ametuachia ule ukuta mweupe nyuma yenu. Kila mwenye gari atalirudisha nyuma hadi hatua mbili kutoka ukutani, awashe taa ndogo, asiguse breki, ashuke atazame. Akiona wekundu pande zote mbili za ukuta, aende nyumbani. Asipouona, mafundi wapo hapa na masanduku yao ya vifaa. Tutaanza na 504 yangu.