Kiduha Huitwa na Mtama Wenyewe

Mkulima wa mtama Butiama au Musoma Vijijini akiona maua ya zambarau ya gugu la kiduha yamechomoza kati ya mashina, hushika jembe. Amechelewa. Kiduha kimekuwa kikinyonya mizizi chini kwa chini kwa wiki kadhaa, tena kwa mwaliko: udongo ukipungukiwa fosforasi, mizizi ya mtama hutoa homoni iitwayo strigolaktoni ili kuita kuvu rafiki wanaouletea chakula. Mbegu ya kiduha, ndogo kama vumbi, huweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10 ikisubiri ishara ya homoni hiyo.

Kwa hiyo samadi, inayorudisha fosforasi, itangulie jembe. Atakayesema si kila kaya ina ng'ombe, hata hapa mkoani Mara, anasema kweli. Lakini Bunda wanalima pamba, na kemikali ya kwanza ya jamii ya strigolaktoni ilipatikana kwenye mizizi ya pamba, mwaka 1966. Pamba huamsha kiduha bila kukilisha. Kinachipua, kinakosa pa kujishikiza, kinakufa. Msimu mmoja hautamaliza mbegu zilizolala, ila mtama juu ya mtama kila mwaka huziongeza.