Kwa Nini Bei ya Mafuta Hupanda?



Mwenye kinu akipandisha bei ya kusaga, mama asiye na pesa hurudi nyumbani na debe lake mgongoni. Nasi twasema, "Huyu anatunyonya!" Ngojeni kwanza. Tuifuate dizeli yake.

Petroli na dizeli yote tunainunua nje, kwa dola. Vita vikizuka, kama vya Ukraine mwaka 2022, bei hupanda. Shilingi yetu ikishuka, hupanda tena. Meli ikifika Mombasa, huongezwa kodi na gharama ya bomba na lori mpaka huku mlimani. Julai 2023 kodi ya VAT ilitoka asilimia 8 ikawa 16. Oktoba, lita ya petroli Nairobi ikapita shilingi 217.

Basi tufanyeje? Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA hutangaza bei ya juu kabisa. Mwanakikundi mmoja asikilize redio, aandike daftarini. Halafu tumwulize mwenye kinu kwa heshima: dizeli imepanda shilingi ngapi? Na ikishuka, je, nawe utashusha? Mwenye hesabu mkononi hadanganywi ovyo.