Rangi ya Matofali ya Nyumba Zetu, Kitengela na Kajiado

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama kwa niaba ya Kamati ya Nyumba)



Tumeagizwa na Kamati tuseme juu ya jambo lililoleta maneno mengi katika tawi, yaani rangi ya matofali ya nje kwa wenzetu wanaojenga Kitengela na Kajiado. Wako wasemao kwamba hili ni jambo la anasa, halifai kuletwa mbele ya chama. Sisi twasema lafaa, na sababu yetu ni hii.

Wazee waliotutangulia katika reli walikaa katika landi za Muthurwa, Nairobi. Nyumba zilikuwa za mwajiri, na rangi ya ukuta ilikuwa ya mwajiri. Siku ya kuacha kazi mtu alirudisha ufunguo, basi. Leo mfanyi kazi hununua ploti, huweka akiba katika ushirika, kisha hukopa. Nyumba ataijenga kwa mshahara, lakini ataitunza kwa pensheni. Ukuta wa plasta hutaka kupakwa rangi tena kila baada ya miaka michache. Ukuta wa matofali mazuri ya kuchoma hautaki brashi. Lakini rangi utakayoichagua ndiyo utakayozeeka nayo.

Kwanza, tujue rangi yatoka wapi. Udongo wenye chuma ukichomwa hutoa tofali jekundu. Udongo wenye chokaa nyingi hutoa rangi ya manjano au maziwa. Moto ukizidi, rangi hukolea. Kwa hiyo vunja tofali moja mbele ya muuzaji utazame ndani. Ikiwa rangi ni ya ngozi tu, kila ukingo utakaomeguka utaonyesha doa.

Pili, tazama udongo wa mahali pako. Kitengela ina udongo mweusi wa pamba. Wakati wa mvua hurukia ukuta, na wakati wa kiangazi upepo wa nyika ya Athi huleta vumbi. Usiulize jirani amejenga kwa rangi gani. Chota udongo wa ploti yako mwenyewe, uloweshe, upake juu ya matofali ya rangi mbalimbali, uache ukauke. Lile ambalo halionyeshi uchafu sana ndilo rafiki yako. Matofali meupe hupendeza siku ya kuhamia, lakini kozi za chini huchafuka upesi. Wanaoyapenda yafaa waweke matofali ya rangi nzito chini, hata urefu wa goti na zaidi kidogo, kisha meupe juu. Tena wazungushe sakafu ya simiti nje ya ukuta, na paa litokeze vizuri.

Tatu, jua. Sisi tu karibu sana na ikweta, na kuta za mashariki na magharibi ndizo zinazopigwa zaidi. Siku hizi vijana wapenda tofali jeusi kama mkaa. Rangi hiyo hunywa joto mchana, na chumba cha kulala kilicho magharibi hukosa raha jioni. Anayeitaka aitumie kwenye nguzo za veranda au kuzunguka mlango.

Nne, maji. Visima vingi vya Kitengela vina maji ya chumvi. Fundi akichanganya simiti kwa maji hayo, ukuta ukikauka chumvi hutoka nje kama unga mweupe. Juu ya tofali jekundu au la kahawia huonekana kutoka barabarani. Juu ya tofali la manjano haionekani sana. Tumieni maji ya mvua au ya bomba kwa kazi ya ukuta wa nje. Unga ukitokea, usugueni kwa brashi kavu, wala msikimbilie kuumwagia maji, kwa maana chumvi itayeyuka na kurudi ndani.

Tano, msisahau simiti iliyo katikati ya matofali. Tofali la milimita 215 kwa 65, likiwa na kiungo cha milimita 10, huacha karibu sehemu moja ya sita ya uso wa ukuta kuwa simiti tupu. Tofali lile lile jekundu likiwekwa simiti ya kijivu ni nyumba moja, na likiwekwa simiti nyeupe ni nyumba nyingine. Jengeni kwanza ukuta mdogo wa mfano, mita moja kwa mita moja, uwe na viungo vyake kamili. Mtazameni asubuhi, adhuhuri na jioni, pamoja na mke na watoto, ndipo mtoe pesa.

Sita, nunueni mara moja. Kwa tofali la kipimo hicho, mita moja ya mraba yataka kama matofali 60. Ukuta wa mita 100 za mraba, ukiisha kuondoa milango na madirisha, wataka 6,000, na uongeze mia tatu hata mia sita ya kuvunjika. Mwenzetu mmoja aliletewa nusu leo na nusu baada ya miezi minne. Yale ya pili yalikuwa mekundu zaidi, na mstari wakatiza ukuta mzima chini ya madirisha. Muuzaji alijibu kwamba tofali ni tofali. Basi andikianeni mkataba kwamba mzigo wote utatoka katika uchomaji mmoja. Hata hivyo fundi achukue matofali kutoka marundo matatu au manne kwa pamoja, ili rangi zichanganyike.

Ndugu zetu, kuna mambo mawili yasiyoguswa kwa ajili ya rangi. La kwanza ni msingi. Udongo mweusi huvimba ukiloa na kunywea ukikauka, na ukuta hupasuka ngazi kwa ngazi kufuata viungo. Ufa wa plasta hufichwa. Ufa wa matofali haufichiki. Pesa zikipungua, punguza uzuri wa tofali, usipunguze kuchimba. La pili ni ujira wa fundi. Kazi ya viungo vilivyonyoka ni ya polepole. Asiwepo mwanachama wa chama hiki anayedai haki yake kwa mwajiri, kisha Jumamosi akamnyima fundi haki yake. Na anayekata matofali kwa mashine apewe maji na barakoa ya kufaa ya kuzuia vumbi, maana vumbi lile huharibu mapafu.

Sisi watu wa reli twajua kwamba rangi si pambo tu. Nyekundu ni simama, kijani ni pita. Basi na tusimame kwanza, tupime udongo, maji, jua na mfuko, ndipo tupite. Wanaojenga mwaka huu na wakutane na Kamati, tuagize matofali kwa pamoja. Mnunuzi wa lori kumi husikilizwa kuliko mnunuzi wa lori moja.

Umoja ni nguvu.